Injini moja, faili moja, giaboksi tofauti: kwa nini pikapu ya manyuo inatema moshi kuliko ya oto?

#1 – Mleta uzi

Wakuu, salaam.

Nimechoka kusoma ushauri wa moshi unaotolewa bila mtu kuuliza gari lina giaboksi gani. Analeta video, pikapu ya dizeli iliyotyuniwa imefukuza moshi mweusi mpaka gari la nyuma limepotea, na majibu yanamiminika: punguza mafuta, nozeli zimechoka, badilisha tabo (feni ya ekzosi inayosukuma hewa kwenye injini). Oto au manyuo? Hakuna anayeuliza.

Nina mfano mkononi. Nahudumia Dodge Ram mbili, zote Cummins lita 5.9 za komoni reli, pampu ya CP3, tabo ya kiwandani, nozeli saizi moja, na nyongeza ya mafuta kwenye faili (programu ya kompyuta ya injini) ni ile ile. Moja ina NV5600, gia sita za mkono. Nyingine ina 48RE, oto ya gia nne. Ya oto ukikanyaga unaona ukungu wa kijivu unaopita haraka, basi. Ya mkono kila gia inapoingia inapiga bonge la moshi mweusi. Mwenye nayo alishaambiwa anunue nozeli mpya sita. Nozeli zimepimwa, ni nzima.

Tuanzie kwenye hewa. Dizeli hainyimwi hewa kama petroli. Nguvu yake inapangwa kwa mafuta peke yake. Kwa hesabu za karatasi, kilo moja ya dizeli inahitaji hewa kama kilo 14.5 ili iungue yote. Ndani ya silinda mambo hayaendi hivyo, kwa sababu mafuta yanapulizwa mwishoni kabisa na hayapati muda wa kuchanganyika vizuri. Kwa hiyo ukishuka kwenye kilo 20 za hewa au pungufu, masizi yanaanza kuonekana. Injini ikiwa sailensa, yaani inaunguruma bila kukanyagwa, ina hewa ya kumwaga, zaidi ya 50 kwa moja, ndiyo maana hapo haitoi kitu.

Sasa kanyaga ghafla. Mafuta yanaongezeka papo hapo, kompyuta haisubiri. Hewa inasubiri, kwa sababu tabo inazungushwa na joto na wingi wa gesi za ekzosi, na gesi hizo hazipo mpaka mafuta yaungue kwanza. Moshi mweusi wa gari lililotyuniwa unazaliwa kwenye upenyo huo kati ya mafuta na hewa. Giaboksi ndiyo inayoamua upenyo uwe mpana kiasi gani na utokee mara ngapi.

Kwenye NV5600 gia ya pili ni 3.38 na ya tatu ni 2.04. Ukibadilisha kwenye RPM 2,600 injini inaangukia kama 1,570. Kabla haijafika huko umeinua mguu, mafuta yamekatika, ekzosi imepoa, tabo imelegea na presha yake imeshuka. Unaachia klachi, unakanyaga tena. Faili inamwaga mafuta yaliyopangiwa presha kubwa ya tabo kwenye injini ambayo kwa wakati huo haina presha hiyo. Puuu! Gia ya nne, tena puuu.

Kwenye 48RE pili ni 1.45 na tatu ni 1.00. Kutoka 2,600 hesabu inakupeleka 1,800 hivi, na hata hapo konvata (kiungo cha mafuta kati ya injini na giaboksi ya oto) ikiwa haijafunga inateleza kidogo, kwa hiyo injini haidondoki yote. La muhimu zaidi, mguu haujainuka. Mzigo haujaondoka, gesi inaendelea kupita, tabo inabaki moto.

Kuondoka nako ni hivyo hivyo. Konvata inairuhusu injini ipande hadi kwenye RPM zake za kushika huku inazidisha torki karibu mara mbili, na tabo inaamka kabla gari halijashika mwendo. Wa manyuo ameshaachia klachi yote kwenye 900, anadai nguvu za 2,000.

Kipimo cha bure kabla hujagusa faili: weka nyutro, injini ikiwa imepata moto wa kazi, kanyaga mpaka mwisho kwa nguvu, achia. Ndicho kipimo cha SAE J1667 kinachotumika Marekani kukagua moshi wa magari makubwa ya dizeli, gari likiwa limesimama, giaboksi haibebi kitu. Ram zangu mbili hapo zinatoa moshi unaofanana. Zinaachana zikiingia barabarani tu. Ukiona hivyo, injini haina kosa. (Baadhi ya oto kompyuta inazuia RPM ukiwa nyutro au paki, kwa hiyo linganisha moshi mkifikia RPM ile ile.)

Karibuni.

#2

Mkuu umeandika vizuri lakini moshi ndio utamu wa dizeli. Gari lisilotoa moshi halijatyuniwa hilo, limepakwa rangi.

#3 – Mleta uzi

Mkuu wa #2, moshi mweusi ni mafuta yaliyokosa hewa. Hayajasukuma pistoni, yamepandisha joto la ekzosi na yametoka. Gari likitoa ukungu kwa nusu sekunde tabo inapoamka, sina ugomvi, huo hauepukiki ukishaongeza mafuta kidogo. Likitoa moshi mzito mlima mzima, tabo imeshajaa na mafuta bado yanazidi. Hapo geji ya joto kabla ya tabo itakuwa inaelekea digrii 700 za sentigredi au imeshapita, na huko pistoni na tabo hazikai muda mrefu.

Halafu hewa hiyo tunaivuta wote. Shirika la utafiti wa saratani la WHO liliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la kwanza la visababishi vya saratani tangu 2012. Na huko kwenye asili ya mchezo huu, Marekani, kung'oa vifaa vya kuchuja moshi ni kosa chini ya sheria ya hewa safi. Mwaka 2020 EPA, mamlaka yao ya mazingira, ilikadiria pikapu za dizeli zilizong'olewa vifaa hivyo ndani ya miaka kumi zilizidi 550,000. New Jersey ilishapiga marufuku ya wazi kufukuza moshi makusudi mwaka 2015. Kwa hiyo anayetaka moshi wa picha uzi huu haumfai sana.

#4

Shukrani mleta uzi. Mimi nina ya zamani, 12-valve ya 1997, pampu ya P7100, gia tano NV4500. Haina kompyuta wala faili. Fundi alitoa sahani ya mafuta akasogeza AFC mbele. Nguvu ipo kweli, lakini kijijini kwa nyuma yangu hakuna mtu ananisalimia tena. Nirudishe sahani?

#5 – Mleta uzi

Hahaha, wakusalimie vipi hawakuoni.

Usianze na sahani. Sahani inaweka mwisho wa mafuta, yale ya mguu chini presha ikiwa imejaa. Moshi wako naamini ni wa mwanzo, tabo ikiwa bado, na huo ni kazi ya AFC. Kwa wasioijua: ni kile kichwa cha pembeni juu ya pampu chenye kibomba kidogo cha hewa kutoka manifoldi. Ndani kuna kiwambo cha mpira na springi. Tabo ikitoa presha, kiwambo kinasukuma springi na rodi ya pampu inapata ruhusa ya kwenda mbele kuongeza mafuta. Bila presha, hakuna ruhusa. Kimakanika kabisa, na kikiwa kimepangwa vizuri kinafanya kazi ile ile ya ramani ya moshi kwenye kompyuta.

Kikisukumwa mbele mpaka mwisho, mafuta yanakuja hata presha ikiwa sifuri. Wa oto anaweza kuvumilia hiyo kwa sababu konvata inamvusha haraka kwenye eneo bovu. Wewe wa NV4500 unalipita eneo hilo kila gia.

Fanya hivi. Legeza skrubu za AFC, irudishe nyuma kidogo kidogo, jaribu gari katika gia ile ile, kwenye mlima ule ule. Baada ya hapo ingia kwenye gurudumu la meno la ndani, lile la kukaza springi: springi ikikazwa, presha zaidi inahitajika kabla mafuta hayajafunguka, ikilegezwa, yanafunguka mapema. Kaza mpaka ubaki na ukungu tu. Na angalia kibomba cha hewa kinachoingia kwenye AFC kama hakijapasuka, pamoja na kiwambo chenyewe. Kikitoboka AFC haifunguki, gari linakuwa zito bila moshi, na watu wanalaumu pampu.

Moja zaidi kuhusu NV4500: ukiongeza torki, nati ya gia ya tano ina tabia ya kulegea kwenye shafti, gia inasogea na tano inapotea. Siku giaboksi ikishushwa, ikaguliwe.

#6

Samahani wakuu, nina swali la pembeni. Nimesoma mahali kwamba 12-valve za oto zilitoka kiwandani na nguvu ndogo kuliko za manyuo. Kweli? Maana leo naona kinyume.

#7 – Mleta uzi

Kweli, na si swali la pembeni hata kidogo.

Ram za 1996 hadi 1998 zenye injini ile ile: ya oto hp 180 na torki pauni-futi 420, ya mkono hp 215 na 440. Kiwanda kilikuwa kinailinda oto. 47RE ya wakati huo ni mtoto wa A727 ya Chrysler aliyeongezewa ovadraivu, haikuzaliwa kwa ajili ya torki ya dizeli ya silinda sita ndefu.

Baadaye mzani ukageuka. Cummins 6.7 ilipoingia 2007 ya oto ilipewa torki ya pauni-futi 650, ya mkono 610. Kufika 2013: mkono 660, oto ya 68RFE 800, oto ya Aisin 850. Baada ya modeli za 2018 Ram wakaacha kabisa kuuza ya mkono. Na wala si Marekani tu: Hilux yenye 1GD-FTV ya lita 2.8 ilitoka 2015 na Nm 450 kwa oto, 420 kwa mkono. Mwaka 2020 oto ikapandishwa hadi 500, ya mkono ikaachwa pale pale 420.

Kilichobadilika ni mawasiliano. Oto ya kisasa inaongea na injini: kabla ya kubadili gia inaomba torki ipungue, injini inapunguza mafuta kwa kitambo kidogo sana, gia inashika, mafuta yanarudi. Presha ya tabo haipati hata muda wa kushuka. Kwenye manyuo hakuna wa kumwomba dereva apunguze. Kiwanda lazima kifikirie yule atakayeachia klachi kama anatupa gunia, kwa hiyo kinabana torki mapema, hasa RPM za chini.

Sasa mtu anachukua faili ya Hilux ya oto anaimwaga kwenye ya mkono. Hajatyuni chochote bado, na tayari klachi imeongezewa Nm 80, kule chini ambako tabo haijaamka. Unapata moshi na klachi inayoteleza kwa pamoja, halafu unaambiwa faili "ni ya kiwandani".

#8

Mleta uzi unaipamba sana oto. Mimi nina pikapu ya Duramax LBZ ya 2006, giaboksi ya oto ya Allison, gia sita. Nimetyuni injini tu, giaboksi sijagusa kwa sababu kila mtu anasema Allison ni chuma. Nikivuta trela mlimani linatoa moshi mweusi wa kuendelea, likishuka gia moshi unaisha. Na mara kadhaa limeingia kwenye hali ya dharura, taa inawaka, gia hazibadiliki. Nikizima na kuwasha linapona. Hapo vipi?

#9 – Mleta uzi

Mkuu una magonjwa mawili, tusiyachanganye.

La moshi: mlimani Allison imefunga konvata na iko gia ya juu, RPM labda 1,600. Konvata ikishafunga, injini imeunganishwa na magurudumu moja kwa moja, oto yako wakati huo ni manyuo tu. Faida yote niliyoisema #1 imeondoka. Faili inamwaga mafuta, gesi ni chache, tabo haitoshi. Ikishuka gia RPM zinapanda, gesi inaongezeka, hewa inapatikana, moshi unakatika. Ulichokiona ndicho chenyewe. LBZ ina kile kitufe cha kujumlisha na kutoa kwenye mkono wa gia. Ukiwa na trela bana gia kabla ya mlima, usingoje gari liamue. Aliyekutyunia naye anaweza kupunguza mafuta ya chini ya 1,800 bila wewe kuhisi upungufu wowote juu.

La dharura ni kubwa zaidi. Kompyuta ya giaboksi haipimi torki, inaambiwa na kompyuta ya injini. Kwa taarifa hiyo inapanga presha ya mafuta ya kubana klachi za ndani. Faili nyingi za bei ya kutupa zinaongeza mafuta bila kurekebisha taarifa: injini inatoa torki ya kutisha lakini inaripoti ile ya zamani. Giaboksi inabana klachi kwa nguvu ya zamani, zinateleza. Allison inalinganisha kasi ya shafti inayoingia na inayotoka kwa uwiano wa gia iliyopo. Namba zisipokubaliana inajua kuna mtelezo, inajifungia. Hiyo taa imekuokoa, usiizoee. Kila ukizima na kuwasha unaziruhusu klachi zikwanguliwe tena.

Chukua skana yenye uwezo wa kusoma giaboksi. Weka RPM za injini na za tabini ya konvata kwenye skrini moja. Konvata ikiwa imefunga hizo namba mbili zinatakiwa ziwe sawa. Kanyaga mlimani uangalie: zikiachana na kuendelea kuachana mzigo unapozidi, klachi ya konvata inateleza. Zikiwa sawa, tafuta mtelezo kwenye gia yenyewe.

Na kuhusu kuipamba: oto haifuti gharama ya kuamsha tabo, inaihamishia kwenye mafuta yake. Ule mtelezo wa konvata unaotuondolea moshi unageuka joto. Mafuta ya giaboksi yanayokaa kwenye digrii 80 hadi 95 yana raha. Yakizidi 120 yanazeeka haraka, yananuka kuungua, klachi zinafuata. Pikapu ya oto iliyotyuniwa ambayo haina geji ya joto la giaboksi mimi naihesabu haijamalizwa kutengenezwa.

#10

Allison yangu niliwekewa konvata "legelege" ili tabo iamke haraka. Moshi umeisha kweli. Ila sasa ikiondoka inanguruma tu, gari linakuja baadaye.

#11 – Mleta uzi

Wamepitiliza. Konvata inayoshika juu sana inafaa mwenye tabo kubwa sana. Kwa tabo ya kiwandani unapika mafuta ya giaboksi bure. Inayoshika chini sana nayo inakurudisha kwenye moshi na injini inabanwa. Inachaguliwa kwa tabo uliyonayo: ishike pale tabo inapoanza kutoa presha ya maana, au juu yake kidogo. Rudi kwa aliyekufungia ukiwa na namba za RPM ambazo tabo yako inaamka, asikuuzie maneno.

#12

Mimi nafurahi tu. 6.7 yangu ya 2010, ya mkono, G56, ina DPF yake (chujio la masizi kwenye ekzosi) na nimeongeza nguvu kidogo. Moshi sifuri. Haya yote hayanihusu 😎

#13 – Mleta uzi

Yanakuhusu kuliko wote mkuu.

DPF haizuii injini kutengeneza masizi, inayapokea. Kila bonge la moshi ambalo jamaa wa #4 anawapulizia wanakijiji, wewe unalihifadhi kwenye chujio. Likijaa, kompyuta inaongeza mafuta ya ziada ili joto lipande na masizi yachomwe. Kwa hiyo moshi wako ukitaka kuuona, angalia chujio linajichoma kila baada ya kilomita ngapi, kabla na baada ya kutyuni. Umbali ukipungua sana, faili yako inatoa moshi. Na kuchoma mara kwa mara huwa kunapitisha dizeli kwenye oili ya injini. Chomoa kijiti, ukiona oili inapanda badala ya kushuka usishangilie.

Jaribio jingine dogo: pitisha kitambaa cheupe ndani ya bomba la ekzosi mwishoni. DPF nzima inaacha bomba safi. Kitambaa kikitoka cheusi tii, chujio limepasuka.

Gari la mkono la mjini, foleni na gia kila saa, ndilo linalojaza chujio upesi.

#14

Mbona hujagusa moshi mweupe na wa bluu?

#15 – Mleta uzi

Kwa ufupi kwa sababu giaboksi haina mkono wake hapo. Mweupe asubuhi baada ya kuweka nozeli kubwa, ukiisha injini ikipata moto: mafuta hayajapulizwa laini, yanatoka bila kuungua, yanawasha macho. Mweupe usioisha na maji ya rejeta yanapungua: gasketi ya hedi au kipozeo cha EGR (mfumo wa kurudisha ekzosi kwenye injini), wenye Ford za Power Stroke 6.0 wanaujua wimbo huu. Mweupe mzito kwenye gari lenye DPF likiwa linajichoma unaweza kuwa wa kawaida. Bluu ni oili: sili za tabo, ringi, au miongozo ya vali.

#16

Naongezea kitu ambacho mleta uzi amekiruka: TAIRI. Watu wanainua gari, wanaweka inchi 35, halafu wanashangaa moshi umeongezeka na faili ni ile ile.

#17 – Mleta uzi

Umenena mkuu. Tuchukue Ram yangu ya mkono: tairi ya kiwandani 265/70R17 ina kipenyo cha sentimita 80 hivi, difu 3.73, gia ya sita 0.73. Kilomita 100 kwa saa injini iko kama 1,800. Weka inchi 35, yaani sentimita 89, unashuka hadi 1,625 kwa mwendo ule ule, na mzigo kwenye injini umeongezeka. Umeihamisha injini kutoka mahali tabo iko hai kwenda mahali inasinzia. Oto itashusha gia yenyewe ikihisi uzito. Wa manyuo anakaa na sita yake mpaka ekzosi inawaka. Dawa ya kweli ni difu ya 4.10 au kuizoea gia ya tano.

#18

Mleta uzi, mimi ndiye mwenye ile video ya wiki iliyopita (manyuo, 5.9 ya 2004, moshi mpaka gari la nyuma limepotea 🙈). Nimefanya kipimo cha nyutro na gari la rafiki yangu la oto, injini kama yangu. Langu lilitoa zaidi. Si kidogo, zaidi ya mara mbili kwa macho. Kwa hiyo ni nozeli?

#19 – Mleta uzi

Safi, hiyo ni taarifa ya maana. Nyutro hakuna mzigo wa giaboksi, kwa hiyo gari lako lina kasoro kwenye hewa au mafuta, na manyuo inaizidisha tu. Lakini nozeli ziwe za mwisho, ndizo ghali.

Anza na uvujaji. Fungua bomba la hewa la tabo upande wa chujio, ziba kwa kizibo chenye vali ya tairi, jaza hewa taratibu kwa kompresa, presha ndogo tu, kisha pulizia maji ya sabuni kila kiungo: hozi za intakula (kipozeo cha hewa ya tabo) za juu na chini, klipu zote, mdomo wa manifoldi, na kona za intakula yenyewe, zile ambapo alumini imeungwa na tanki la pembeni. Sikiliza kabla ya kutazama. Hozi ya intakula iliyolegea haivuji gari likiwa limesimama sailensa, inafunguka presha ikipanda, kwa hiyo ikamate kwa mkono uikunje. Angalia na chujio la hewa, watu wanalisahau.

Ukikuta hakuna kinachovuja, soma sensa ya presha ya manifoldi kwenye skana, injini ikiwa imezimwa na swichi iko oni. Isome sawa na presha ya hewa ya mahali ulipo. Sensa ikidanganya kwamba kuna presha, kompyuta inatoa mafuta ya presha hiyo na hewa haipo.

Baada ya hapo ndiyo nozeli, kwa kupima mafuta yanayorudi kutoka kila moja.

#20

Hozi ya chini ya intakula. Klipu imekaa juu ya ukingo badala ya nyuma yake. Povu kama la kufulia. Naifunga kesho nijaribu tena.

#21 – Mleta uzi

Ukishaifunga rudia nyutro kwanza, kisha barabarani. Kama nyutro mmekuwa sawa na rafiki yako na bado kila gia unapiga bonge, mpelekee aliyekutyunia ombi moja: abane ramani ya mafuta kwa presha ya tabo chini ya RPM 1,800, aache juu kama ilivyo. Wewe badilisha gia kwenye 2,400 au zaidi ukiwa na mzigo ili isiangukie chini ya 1,400. Na ukiachia klachi, usikanyage yote kwa mara moja. Mpe tabo sekunde yake. Lete video mpya, pamoja na joto la ekzosi kama una geji.